Black Lotus moja kwa kitaa kizima

Kuna kadi moja ambayo hata mtu asiyecheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi wa kupambana, atakuwa ameshaiona pahala mtandaoni, Black Lotus. Ua jeusi, kachora Christopher Rush, kuiweka mezani ni bure, unaitoa kafara inakupa mana tatu za rangi moja unayotaka (mana ndo nguvu unayolipia kadi nyingine), basi, imeisha kazi. Januari 2021 moja ya toleo la Alpha, lile la kwanza kabisa, iliuzwa dola 511,100, yaani kwa hela ya wakati ule ni zaidi ya shilingi bilioni 1 kwa kikaratasi cha milimita 63 kwa 88. Na kila ukisoma makala za kadi za kale za huu mchezo utakuta Lotus imekaa juu kabisa, chini yake Mox tano, halafu Ancestral Recall, Time Walk na Timetwister, hizo tisa ndo wanaziita Power Nine, na wengi wanaishia hapo hapo wakati seti yenyewe ina kadi karibu mia tatu.

Mimi hiyo orodha siikubali. Sio kwamba kadi hizo hazina nguvu, zina nguvu sana, ila orodha hiyo imetengenezwa na watu wenye hela ya kununua nakala nyingi za kila kitu, na mchezo haukutungwa kwa ajili ya watu wa hivyo. Nimelielewa hilo kwa kucheza huku kwetu Kirumba, Mwanza, kwa hiyo lazima nieleze kwanza tunavyocheza.

Tunachezea baraza ya nyumbani kwa mshkaji mmoja, jioni watu wakishatoka kwenye mihangaiko yao, kuna fundi simu, kuna mwalimu wa msingi, kuna jamaa wa Ukerewe anayefanya biashara ya dagaa pale mwaloni, na kuna dogo wa kidato cha pili ambaye anatuita wote kaka, shikamoo kaka, lakini akishashika kadi hana huruma na mtu. Kadi zenyewe tunachapa. Karata za kawaida zile za dukani saizi yake na kadi ya Magic ni karibu sawasawa kabisa, kwa hiyo tunachapa sura za kadi kwenye A4, tisa kwa ukurasa, tunakata kwa wembe na rula ya chuma, tunapaka gundi nyembamba sana na kubandika upande wa namba, mgongo unabaki ule ule wa karata ili mtu asijue nini kiko juu ya rundo, af zinalala chini ya tofali usiku kucha zisijikunje. Gundi ikizidi kadi inavimba na ukizichanga unaisikia kidoleni, hapo inabidi uirudie maana watu wana macho na wana vidole.

Mama wa stationari tunakochapia alishtuka siku tulipompelekea zile za rangi nyeusi. "Mwanangu, haya majini unayachapa ya nini?" Nikamwambia mama ni mchezo tu wa karata. "Karata gani hizi zina mapembe?" Alikuwa ameiona Lord of the Pit. Nikakaa naye nikamweleza mchezo wote, akakubali kuchapa ila hiyo moja akasema hapana, nikachapie kwingine, na nikafanya hivyo kwa heshima. Na wala hayuko peke yake, kule kwao Marekani wazazi walilalamika hivyo hivyo miaka ya tisini, ukiangalia Unholy Strength ya Alpha utaona nyuma ya yule jamaa kuna nyota ya moto yenye ncha tano, toleo la nne lilipotoka 1995 ile nyota ikawa imefutwa, mchoro ni ule ule ila nyuma yake patupu.

Sasa kanuni yetu kubwa iko hivi. Kadi adimu inachapwa mara moja tu kwa kundi zima. Zile za kati mbili, zile za kawaida tatu, ardhi za msingi, zile kadi zinazozaa mana, kila mtu anachukua anavyotaka. Boksi linachangwa, kila mtu anagawiwa fungu lake bila kuchagua, halafu kwa wiki kadhaa mnabadilishana, mnabembelezana, mnajenga deki kwa kile ulicholamba. Tulianza hivyo kwa sababu ya gharama ya wino, kiukweli. Baadaye nikaja kusoma habari za Richard Garfield, yule mwanahisabati aliyeutunga mchezo akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nikakuta hivi ndo alivyokuwa ameuwaza yeye.

Yeye alidhani watu watanunua kama wanavyonunua mchezo mwingine wowote, pakiti moja ya kuanzia yenye kadi 60, labda na vifurushi viwili vitatu vya kadi 15, basi. Kwa hesabu hiyo kwenye kundi la marafiki Black Lotus ingekuwa moja, au isiwepo kabisa, na Ancestral Recall ingekuwa ni kitu ambacho umesikia tu kuna jamaa mtaa wa pili anayo. Mwanzoni hata orodha ya kadi hawakuitoa, mchezaji alikuwa anakutana na kadi kwa mara ya kwanza ikiwa inampiga. Kwa hiyo nguvu zile hazikuwekwa kwa bahati mbaya, uadimu ndo ulikuwa breki yake. Alpha ikatoka Agosti 1993, kadi kama milioni 2.6 zilizochapwa Ubelgiji na Carta Mundi, kila kadi adimu nakala kama 1,100 tu duniani, zikaisha haraka, Beta nayo ikafuata mwaka ule ule ikaisha. Watu wakanunua maboksi kwa maboksi. Na sheria za mwanzo zilikuwa zinataka deki ya kadi 40 tu bila kikomo cha nakala, sasa fikiria mtu mwenye hela anajaza Lotus na Mox tupu, unakaa mezani hujacheza hata zamu moja umeshakufa. Ndo 1994 zikaja sheria za mashindano, deki kadi 60, nakala zisizidi nne, na hizi za hatari moja moja tu. Breki ya kwanza ilikuwa imeshakatika, ikabidi wafunge nyingine.

Hapa Kirumba breki ya kwanza bado inafanya kazi, na ndo maana nasema orodha inabadilika.

Chukua hiyo Lotus yenyewe. Kwenye fungu la kugawiwa unaweza ukawa na Lotus na deki yako imejaa garasa, unaitupa zamu ya kwanza una mana tatu na mkononi huna cha kuzitumia, ni kama kumiliki mashine ya boti na boti huna. Mwalimu aliilamba msimu uliopita, tukapiga kelele wote kwamba amelamba dume, na bado alifungwa sana kuliko wengine kwa sababu hakuwa na kiumbe hata mmoja wa maana wa kumtoa mapema. Lotus inakuwa ya kutisha pale ambapo kila kadi nyingine kwenye deki ni ya kutisha. Vivyo hivyo Time Walk, zamu ya ziada kwa mana mbili, mtu mwenye mbwamwitu mmoja mezani anaongeza shambulio moja na kadi moja basi, sio kifo.

Kinachoua watu kwetu ni Sol Ring. Hiyo wala sio adimu, Alpha waliiweka daraja la kati, unalipa mana moja inakupa mbili kila zamu mpaka mchezo uishe, na inafaa deki ya mtu yeyote mwenye rangi yoyote. Ikitua zamu ya kwanza watu mnaangaliana. Halafu kuna Prodigal Sorcerer, kadi ya kawaida kabisa, mchawi mmoja, nguvu 1 uhai 1, unamlaza (yaani unaigeuza kadi ubavu kuonyesha imetumika) anapiga pointi 1 popote unapotaka. Kwenye mashindano makubwa hakuna mtu anayemjali. Kwenye meza ambayo viumbe wengi ni wadogo wadogo, yule mchawi anafyeka kijiji kizima, zamu hii huyu, zamu ijayo yule, na ukichelewa kumuua umekwisha. Royal Assassin ndo usiseme, anaua kiumbe chochote kilicholazwa, maana yake ukishambulia tu kiumbe wako analala na anaweza kuuawa hapo hapo, kwa hiyo watu wanaacha kushambulia, meza nzima inaganda wanamwangalia mtu mmoja. Dogo wa kidato cha pili ndo anaye msimu huu. Na Serra Angel ya Douglas Shuler, nguvu 4 uhai 4, anaruka, na akishambulia halali kwa hiyo anabaki kulinda, hakuna kadi ambayo watu wameniomba tubadilishane kama hiyo, hata aliyekuwa na Mox aliitoa akaongeza na nyingine juu.

Ancestral Recall naiacha palepale juu, hiyo haijalishi unacheza wapi, mana moja kadi tatu. Kuna kitu kizuri kuhusu hiyo kadi ambacho nadhani watu hawakikazii vya kutosha. Garfield alitengeneza kadi tano, moja kila rangi, zote za mana moja zinazotoa kitu mara tatu. Nyekundu Lightning Bolt, pointi tatu za moto. Nyeusi Dark Ritual, mana tatu. Kijani Giant Growth, kiumbe anaongezeka tatu kwa tatu. Nyeupe Healing Salve, unapona pointi tatu au unazuia tatu. Bluu kadi tatu. Kwa mtu wa hisabati zinavutia zikikaa pamoja, tatu tatu tatu, ila tatu ya moto na tatu ya kadi sio tatu moja, na walishaanza kuona hilo maana nne waliziweka kuwa za kawaida na hiyo ya bluu peke yake wakaifanya adimu. Ukiziweka hizo tano mezani kwa pamoja unamwona mtu akipima thamani ya kila kitu kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemtangulia wa kumuuliza. Mimi hizo tano kwangu ni muhimu kuliko Power Nine yote.

Na makosa ya Alpha pia tumeyaacha kama yalivyo. Orcish Oriflamme ilichapwa kwa mana mbili wakati ilitakiwa nne, Beta wakarekebisha, sisi yetu ni ya mbili. Volcanic Island ilisahaulika kabisa, ardhi za rangi mbili zikawa tisa badala ya kumi, kwa hiyo kwetu anayetaka bluu na nyekundu atahangaika na visiwa vyake na milima yake, hakuna njia ya mkato. Circle of Protection: Black nayo ilisahaulika, mwenye nyeupe anajilinda dhidi ya rangi zote isipokuwa ile anayoiogopa zaidi. Kuna aliyesema tuziongeze tu, nikakataa na wengi wakaniunga mkono, boksi lina tabia yake kwa sababu ya hayo mapengo.

Chaos Orb sasa. Hii ni kadi ambayo unaishika mkononi unaiachia juu ya meza kutoka futi moja kwenda juu, lazima ijigeuze mzunguko mzima angalau mara moja, na kadi yoyote itakayoiangukia inaharibiwa. Sisi baraza letu linaangalia ziwa, kuanzia mchana upepo unatoka majini unapanda huku, kila mtu ana kijiwe cha kuzuia rundo lake lisipeperuke, mawe Mwanza hayajawahi kuwa shida. Kwa hiyo ukitaka kutumia Orb kwetu inabidi usimame, usikilize upepo, usubiri utulie kidogo. Jamaa wa Ukerewe anaweza, anakaa upande wa upepo, anaiachia nje ya meza kabisa na inarudi ndani inajigeuza inatua katikati ya kadi mbili anazozitaka, nimemwona kwa macho yangu akiondoa Serra Angel na Sol Ring kwa mpigo mmoja na watu wakasimama kumpa mkono. Na wapinzani wake nao wameshajua, akiitoa tu Orb watu wanatawanya kadi zao meza nzima, moja iko huku moja iko kule karibu na kikombe cha chai. Kuna hadithi ya zamani ya mchezaji aliyeichana Orb vipande vipande akazinyunyizia kadi za mpinzani zote zikaharibika, na 1998 kampuni inayotoa mchezo ikatoa kadi ya utani, Chaos Confetti, ambayo inakuagiza uichane kweli. Kwetu kuchana ni marufuku, gundi ni hela.

Baada ya Alpha tukaongeza Arabian Nights, ile ya Desemba 1993, kadi 78, Garfield mwenyewe aliitunga kutoka Alfu Lela Ulela. Hapa ndo hata watu wasiocheza walianza kusogea barazani, kwa sababu majina wanayajua, Aladdin na taa yake, Ali Baba, Sindbad, hizi hadithi bibi yangu alikuwa anatuhadithia umeme ukikatika. Mchezaji mpya anayeogopa sheria ukimpa Sindbad anaelewa mara moja, unamlaza unavuta kadi, ikiwa ardhi unabaki nayo, ikiwa kitu kingine unaitupa, yaani baharia anatafuta nchi kavu tu. Yule wa Ukerewe anapenda Island Fish Jasconius, samaki mkubwa kiasi kwamba watu wanamdhania kisiwa, nguvu 6 uhai 8, mana saba, hashambulii kama mpinzani hana kisiwa na kumnyanyua akishalala ni mana tatu za bluu. Ni kadi nzito mno na watu wenye akili za mashindano hawaitaki, yeye anaiweka kila msimu akiipata na siku ikishambulia anaitangaza kwa sauti mpaka majirani wanajua.

Lakini kadi ya seti ile ni Shahrazad, mchoro wa Kaja Foglio, na hapa naomba nikae kidogo. Ukiitumia, mchezo unasimama, mnaacha kila kitu kilivyo mezani, mnachukua marundo yenu yaliyobaki mnaanza mchezo mwingine ndani ya mchezo. Atakayeshindwa huo wa ndani anapoteza nusu ya uhai wake kwenye ule wa nje. Kwenye mashindano rasmi imepigwa marufuku kwa sababu inakula muda. Sasa angalia hesabu yake. Mimi nimebakiwa na uhai 4, mpinzani ana 20, nitakufa zamu ijayo. Natumia Shahrazad. Nikishindwa napoteza 2, akishindwa yeye anapoteza 10. Anayenufaika na kadi hii ni yule aliye karibu kufa, na inachompa ni muda, hadithi nyingine ndani ya hadithi ili kesho isifike. Hakuna maandishi marefu ya kukueleza yule mke wa sultani alikuwa nani, sheria yenyewe imemwelezea. Nimeshacheza michezo mingi ya kompyuta na ya mezani na sijaona mahali pengine ambapo sheria ya mistari michache imebeba hadithi nzima namna ile. Dola laki tano za Lotus hazinunui hicho.

Kingine ambacho wengi wanakiruka ni suala la dau. Sheria za 1993 zilisema kabla ya kuanza kila mtu anaweka pembeni kadi moja ya juu ya deki yake bila kuchagua, mshindi anachukua zote mbili jumla. Zilitoka kadi tisa tu zinazochezea dau, Contract from Below ndo kali kuliko zote, mana moja nyeusi, unatupa mkono wako, unaongeza kadi kwenye dau, unavuta saba mpya. Baadaye wakaachana nalo, na naelewa, kamari ni kamari, na hapa kwetu vijana wakikaa na karata barazani wazee wanapita wanauliza kuna hela hapo? Hakuna hela mzee, karibu uangalie. Sisi dau tunalo kwa kadi hizi za kuchapa, msimu ukiisha kila kitu kinarudi kwenye boksi. Na nimeona lilikuwa limewekwa kwa sababu. Kadi kubwa haikai kwa mtu mmoja. Mwalimu na ile Lotus yake iliangukia dau siku moja, fundi simu akaichukua, wiki iliyofuata ikaenda kwa dogo, na kila ilipohama meza nzima ilibidi iwaze upya nani anatisha sasa hivi. Ukiondoa dau halafu ukaruhusu mtu anunue anachotaka, ndo unapata Lotus ya kwenye kabati la kioo.

Sa hivi tunajiandaa kuongeza Antiquities ya Machi 1994 na Legends ya Juni mwaka huo huo. Antiquities naijua vizuri, karibu yote inahusu vyombo na mashine, ndo ilileta habari za Urza na Mishra, wale ndugu wawili waliopigana vita, na Mishra's Workshop itachapwa moja, Strip Mine tutabishana zichapwe ngapi. Legends ndo kubwa, kadi 310, ndo ilileta kadi za rangi mbili na tatu kwa pamoja na wale viumbe wenye majina yao, wengi walitoka kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika ambayo watunzi wake walikuwa wakicheza wenyewe na marafiki zao. Uchapaji nimepewa mimi, nitakata mwenyewe na kubandika mwenyewe, hakuna atakayeona sura ya kadi mpaka ailambe. Kwa hiyo washkaji wa barazani mnaosoma hapa, nawaomba kabisa msiende kutafuta orodha ya Legends mtandaoni, na wewe dogo nakusema hasa, najua una bando.